Google hupimaje uaminifu wa tovuti?
Katika uchochoro wa Kikuubo, kitovu cha biashara ya jumla jijini Kampala, mnunuzi mgeni huuliza kwanza nani anaaminika. Neno la mfanyabiashara mkongwe huwa na uzito kuliko la wapita njia kumi.

Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kanuni inayofanana na hiyo, PageRank: kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine huhesabiwa kama kura, na kura ya tovuti mashuhuri huwa nzito zaidi.

Wapo wanaonunua viungo. Aprili 2012, Google ilianzisha mfumo wa Penguin kukabiliana na hila hizo. Hivyo, mwenye duka anayelipia sifa bandia mtandaoni huenda akatoweka machoni pa wanunuzi aliowatafuta.