Injini Yenye Njaa ya Asubuhi

Sogeeni karibu, wapwa wangu. Mmoja wenu ameniuliza hivi: "Mjomba, kwa nini pikipiki ya baba inasumbua asubuhi, na mchana inawaka kwa kiki moja?"

Swali zuri sana! Watu wazima wakisumbuliwa na pikipiki, huitukana. Wewe umeuliza kwa nini. Anayeuliza kwa nini ameshaanza kuwa fundi.

Kwanza tuangalie tunakoishi. Kitale iko juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Huku kuna Mlima Elgon, kule kuna vilima vya Cherangani. Usiku baridi yake inaweza kufika nyuzi 10 hivi. Bungoma iko chini zaidi, kama mita 1,400, na joto lake ni zaidi. Kwa hiyo mwanaboda akitoka Bungoma jioni, akapita Webuye, Kamukuywa na Kiminini, akalala Kitale, asubuhi pikipiki iliyokuwa pole jana inamtoa jasho.

Hebu tuiulize yenyewe.

"Wewe injini, mbona mkaidi?"

"Sina ukaidi," injini inajibu. "Nina njaa tu."

"Njaa gani, na tangi limejaa petroli?"

"Petroli ya majimaji hainishibishi. Mimi nala mvuke wa petroli uliochanganywa na hewa. Kilo 1 ya petroli inataka karibu kilo 15 za hewa."

"Mjomba, kwani hewa ina uzito?" Ina uzito, mwanangu! Chumba cha mita 3 kila upande, na mita 3 kwenda juu, kina zaidi ya kilo 20 za hewa. Huioni, lakini imo.

Sasa fikirieni uji wa wimbi. Petroli ndiyo unga, hewa ndiyo maji. Mama amepima vizuri, lakini unga mwingi umeshika pembeni mwa sufuria. Uji unakuwaje? Mwepesi, maji matupu. Basi afanye nini? Aongeze unga au apunguze maji.

Injini baridi iko hivyo hivyo. Petroli inapopita kwenye bomba la baridi, nyingine inashika ukutani. Haigeuki mvuke. Injini inapata uji mwepesi. Cheche ya plagi inapiga, lakini hakuna cha kuwaka. Unapiga kiki, inakohoa. Unapiga tena, inakohoa tena.

"Sina ukaidi. Nina njaa tu."

Dawa yake ni choki. Kwenye kabureta nyingi, yaani pale petroli inapochanganywa na hewa, choki ni kibao kidogo kinachoziba njia ya hewa. Ukiivuta, hewa inapungua na petroli inazidi. Uji unakuwa mzito, injini inashiba, inanguruma.

"Basi tuiache choki hapo siku nzima?" Hapana! Injini ikishapata joto, petroli haishiki tena ukutani. Yote inageuka mvuke. Ukiiacha choki imevutwa, uji unazidi uzito. Moshi mweusi unatoka, petroli inaliwa bure, plagi inachafuka. Choki ni ya dakika ya kwanza au mbili. Injini ikitulia, irudishe.

Na Kitale kuna jambo jingine. Huku juu hewa ni nyembamba. Mgandamizo wake umepungua kwa karibu moja ya tano, ukilinganisha na Mombasa. Maji ya uji ni machache tangu mwanzo! Ukivuta choki yote na kupiga kiki mfululizo, petroli inazidi na plagi inalowa. Utasikia harufu kali ya petroli. Hapo hata ukipiga kiki hadi adhuhuri, hakuna kitu. Rudisha choki, fungua mkono wa mafuta wote, piga kiki mara kadhaa ili hewa iingie. Ikikataa, plagi itolewe ikaushwe.

"Je, mjomba, choki ikishindwa kabisa?" Hapo ndipo fundi hodari anapojulikana. Hafungui kila kitu ovyo. Anauliza maswali matatu, kwa mpangilio: petroli, cheche, hewa.

Petroli. Je, koki ya tangi imefunguliwa? Je, petroli ni ya lini? Petroli ina vitu vingi ndani yake. Vile vyepesi hupaa haraka, na ndivyo vinavyoamsha injini ya baridi. Petroli ikikaa miezi tangini, vyepesi vimepaa, vizito vimebaki. Mchana itawaka kwa taabu, asubuhi itagoma. Je, kuna maji chini ya tangi? Maji ni mazito kuliko petroli. Hukaa chini, na chini ndiko injini inakovuta.

Cheche. Je, ile swichi nyekundu kwenye usukani imewashwa? Msicheke! Watu wazima wametoka jasho kwa sababu ya swichi hiyo. Kisha plagi: ni nyeusi kwa masizi? Imelowa? Nafasi ya cheche, ambayo haifiki hata milimita 1, imepanuka? Plagi iliyochoka huvumilia mchana injini ikiwa na joto, lakini baridi huiumbua.

Hewa. Je, kichujio kimejaa vumbi la barabara? Kichujio kikiziba, ni kama choki iliyovutwa siku nzima.

Petroli, cheche, hewa. Ukifuata mpangilio huo, utaelewa hata injini usiyowahi kuiona.

Mnaujua Mto Nzoia? Unapita Moi's Bridge, unashuka Webuye, unaingia Ziwa Victoria upande wa Budalang'i. Kule ziwani kuna wavuvi wa omena. Wanavua usiku kwa taa, na injini ya boti inaweza kukaa kimya kwa saa nyingi. Alfajiri mvuvi anavuta kamba. Injini inakohoa, inanyamaza. Anavuta tena. Inakohoa, inanyamaza.

Nayo ina njaa? Ndiyo! Mvuvi naye aulize yale yale matatu. Petroli: je, tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefunguliwa? Likifungwa, petroli haitoki vizuri. Je, ameliminya lile puto la mpira kwenye mpira wa mafuta hadi likawa gumu? Hilo ndilo linaloisukuma petroli mpaka kwenye kabureta. Cheche: je, kamba ya usalama imechomekwa mahali pake? Ikitoka, cheche inakatwa. Hewa: je, choki imevutwa, na injini ikishawaka, imerudishwa? Injini ya Kitale na ya ziwani zinatofautiana kwa mengi, lakini njaa yao ya asubuhi ni moja.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mvuke wa petroli hauonekani, na unashika moto hata kwenye baridi kali. Usilete kiberiti, mshumaa wala jiko karibu na pikipiki inayotengenezwa. Wala injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa ili ipate joto. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Pikipiki itolewe nje kwanza.

Kufungua plagi muachieni baba au fundi. Kazi yenu nyinyi ni kuangalia na kuuliza. Asubuhi pikipiki ikigoma, mwambieni baba apumzishe mguu, kisha mmuulize kuhusu koki, swichi na choki. Mara nyingi pikipiki itawaka kabla hamjamaliza maswali.