Uholanzi: Likizo ya mashua juu ya maji yanayolindwa usiku na mchana

Kila kiangazi, watu wengi barani Ulaya hukodi mashua na kupita polepole katika mifereji ya Uholanzi, wakilala kwenye gati za vijiji na miji midogo. Ni likizo ya utulivu. Hata hivyo utulivu huo haukuja wenyewe. Kimo cha maji yanayobeba mashua hizo hupimwa na kurekebishwa kila siku, na swali la kiwe kimo gani limezua mvutano kati ya wakulima, wenye nyumba na serikali.

Safari isiyo na haraka

Anayevuka mpaka kutoka Ujerumani au Ubelgiji kutafuta mapumziko ya aina hii hahitaji kuwa baharia. Sheria za Uholanzi zinamruhusu mtu mzima kuendesha mashua ya starehe bila cheti, mradi chombo kisizidi urefu wa mita 15 wala kisiweze kwenda kasi ya zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Mwenye mashua humwonyesha mgeni injini, usukani na namna ya kufunga kamba, kisha humwacha aende zake. Vitanda, jiko na choo vimo ndani ya chombo.

Kanuni za njiani ni chache, lakini hazina mzaha. Mashua hufuata upande wa kulia. Meli ya mizigo hupewa njia kwanza, kwa kuwa nahodha wake hawezi kuisimamisha ghafla. Penye daraja la kuinuka huwekwa taa: nyekundu humtaka msafiri asubiri, nyekundu na kijani kwa pamoja humwambia ajiandae, na kijani humruhusu kupita. Katika baadhi ya vijiji, hasa jimboni Friesland, mlinzi wa daraja huteremsha kiatu cha mbao kilichofungwa kwenye ufito mithili ya ndoana, na msafiri hutia humo sarafu za ushuru wa daraja bila kusimamisha chombo.

Katika mifereji mingi kasi inayoruhusiwa haizidi kilomita 6 hadi 12 kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa hima au kukimbia polepole. Mwendo huu si mgeni nchini humo. Mnamo mwaka 1632 ulifunguliwa mfereji wa abiria kati ya Amsterdam na Haarlem, na mwaka 1657 ukafuata wa kutoka Haarlem hadi Leiden. Farasi alitembea ukingoni akivuta mashua kwa kamba, na abiria waliondoka kwa ratiba maalumu, mvua inyeshe au jua liwake. Kwa takriban miaka 200, hadi zilipokuja reli, hivyo ndivyo wafanyabiashara, wanafunzi na wakulima walivyosafiri kati ya miji.

Mashua juu, mashamba chini

Mfano mzuri wa safari hizi ni njia ya kutoka Haarlem hadi Gouda. Kwa treni, safari hiyo huchukua takriban saa moja. Kwa mashua, asiye na haraka huitumia siku tatu au nne.

Msafiri hutoka Haarlem kwa mto Spaarne, na baada ya muda mfupi huingia katika mfereji uitwao Ringvaart. Hapo huona jambo linalomshangaza kila mgeni. Akitazama upande wa kushoto, haoni mashamba na barabara zikiwa sawa na maji, bali huziona chini yake, ng'ambo ya tuta la udongo lililoota nyasi. Paa za baadhi ya nyumba hukaribia kuwa sawa na macho ya mtu aliyesimama kwenye mashua.

Sababu ni kwamba ardhi hiyo zamani ilikuwa ziwa, Haarlemmermeer, lililozidi kupanuka kwa kumega kingo zake na kumeza vijiji, hata watu wakaliita mbwa mwitu wa maji. Mwaka 1836 dhoruba mbili ziliyasukuma maji yake, moja hadi kwenye malango ya Amsterdam na nyingine hadi Leiden. Serikali ikaamua kulikausha. Kwanza ulichimbwa mfereji wa kulizunguka, ambao ndio Ringvaart ya leo. Kisha mitambo mitatu mikubwa ya mvuke ikapampu maji kutoka ziwani na kuyamimina mferejini, hadi sakafu ya ziwa ilipokauka mwaka 1852. Mmoja wa mitambo hiyo, uitwao Cruquius, sasa ni jumba la makumbusho ukingoni mwa mfereji huo, na wasafiri wengi huutembelea. Uwanja wa ndege wa Schiphol umejengwa juu ya sakafu ya ziwa hilo hilo.

Ardhi iliyokaushwa hivyo huitwa polda. Katika sehemu kubwa ya polda hii, ardhi iko takriban mita 4 chini ya usawa wa bahari, ilhali maji ya mfereji unaoizunguka yako sentimita 60 tu chini ya usawa huo. Mvua inayonyesha katika polda haina pa kwenda. Ni lazima ikusanywe katika mitaro, ipandishwe kwa pampu hadi mferejini, kisha isafirishwe hadi kwenye vituo vikubwa vya pampu vya Katwijk, Spaarndam, Halfweg na Gouda, ambako hutolewa kuelekea baharini. Watu wa pwani wanajua kwamba mashua ya mbao huvuja kidogo kidogo, na asiyefua maji huzama nayo. Uholanzi ya magharibi ni kama mashua hiyo, na ufuaji wake hausimami hata siku moja.

Maziwa yaliyochimbwa kwa majembe

Baada ya Ringvaart, msafiri hupita katika maziwa ya Kaag na Braassem, kisha huingia katika mto Oude Rijn, yaani Rhine ya Kale, kwenye mji wa Alphen aan den Rijn. Kutoka hapo hushika mto Gouwe kwenda kusini. Madaraja makubwa ya chuma huinuliwa juu yake, kama lifti, katika miji ya Boskoop na Waddinxveen. Karibu na Gouda mto huo hupita juu ya barabara kuu ya magari: mashua hukatiza juu, na magari yanayokwenda mbio hupita chini yake.

Pande zote za Gouwe udongo ni wa mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza. Ukikauka, udongo huu huwaka moto. Kwa karne nyingi wakazi waliuchimba, wakaukausha na kuuuza mijini kama kuni. Mashimo yaliyobaki yakajaa maji. Maziwa ya Reeuwijk, Nieuwkoop na Vinkeveen, ambako leo watalii huogelea na kutweka matanga, ni machimbo ya zamani. Kijiji mashuhuri cha Giethoorn, katika jimbo la Overijssel, kina asili kama hiyo. Mifereji yake ilichimbwa kwa ajili ya kusafirisha mboji, na wakazi walisukuma mashua zao kwa upondo muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza kufika.

Ardhi inayozama

Mboji iliyobaki ardhini ndiyo chanzo cha mvutano wa leo. Ikiloa maji, hudumu. Ikikaushwa ili ng'ombe wapate kulisha na trekta ipite, hewa huingia, mboji huoza na ardhi hushuka. Katika maeneo mengi hushuka kwa milimita kadhaa kila mwaka, na kwingineko hukaribia sentimita moja. Mboji inayooza pia hutoa gesi ya kaboni inayochangia kuongezeka kwa joto duniani. Ardhi ikishuka, maji hulazimika kushushwa tena ili malisho yasilowe, na yakishushwa, ardhi huzama zaidi. Ni duara lisilo na mwisho.

Hapa maslahi ya majirani hugongana. Mkulima anataka maji yawe chini, la sivyo ng'ombe watadidimia na nyasi zitaharibika. Mwenye nyumba ya zamani anataka yawe juu, kwa kuwa nyumba nyingi zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigwa ardhini. Nguzo hizo hudumu karne nyingi zikiwa ndani ya maji, lakini zikipata hewa huoza, na kuta hupasuka. Mwezi Novemba 2022 serikali ya Uholanzi ilitangaza mwelekeo wa kupandisha maji ya ardhini katika maeneo ya mboji hadi sentimita 20 hadi 40 tu chini ya uso wa ardhi. Kwa familia ambazo zimefuga ng'ombe wa maziwa hapo kwa vizazi kadhaa, kila sentimita inayoongezwa ni suala la kuendelea na ufugaji au kuuacha.

Usiku wa Wilnis

Watu wengi wanapofikiria hatari ya maji nchini Uholanzi hukumbuka dhoruba ya mwaka 1953, ambapo bahari ilivunja matuta ya kusini magharibi na watu 1,836 wakapoteza maisha nchini humo. Ila hatari inaweza pia kutoka kwenye mfereji mdogo, tena wakati wa kiangazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 2003, katika kijiji cha Wilnis kilicho kaskazini mashariki mwa Gouda, kipande cha tuta la mfereji kilisukumwa kando na maji yakamwagika mitaani. Zaidi ya watu elfu moja walihamishwa, na mashua zilizokuwa mferejini zilibaki zimelala kwenye tope. Haikuwa mvua iliyosababisha. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikavu mno, na tuta lilikuwa la mboji. Mboji ilipokauka ilipoteza uzito wake, na maji yakaisukuma kama mtu asukumavyo sanduku tupu. Tangu hapo, kila kunapokuwa na ukame, wakaguzi hutembea juu ya matuta wakitafuta nyufa, na pengine tuta hunyunyiziwa maji kama bustani. Wahenga wa Kiswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Wilnis, usemi huo si wa mafumbo.

Ukame huleta tatizo jingine. Maji matamu ya eneo hili hutegemea sana mto Rhine, unaotiririka kutoka Uswisi kupitia Ujerumani. Mto ukipungua, chumvi ya bahari hupanda na kufika hadi karibu na Gouda, kama ilivyotokea mwaka 2018 na 2022. Katika nyakati hizo maji matamu huletwa kutoka mashariki kwa njia ya mito midogo na mifereji, ili kuokoa vitalu vya miti vya Boskoop ambavyo havistahimili chumvi. Msafiri wa mashua anayeambiwa asubiri kwa saa kadhaa, kwa sababu malango ya maji yanafunguliwa mara chache, huwa anashiriki bila kujua katika mgao wa maji.

Nani anayeamua?

Kimo cha maji hakiamuliwi na serikali kuu peke yake. Nchi imegawanywa katika bodi 21 za maji, zenye mabaraza yao na kodi zao. Bodi ya Rijnland, inayosimamia sehemu kubwa ya njia ya Haarlem hadi Gouda, ina hati ya mwaka 1255, na hivyo ni miongoni mwa taasisi kongwe kabisa za utawala nchini humo.

Wajumbe wengi wa mabaraza hayo huchaguliwa kila baada ya miaka minne. Uchaguzi uliopita ulifanyika Machi 2023. Jambo ambalo wahamiaji wengi hawalijui ni kwamba mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi anaweza kupiga kura hata kama si raia wa Uholanzi, mradi awe na haki halali ya kuishi nchini na awe mkazi wa eneo la bodi husika. Kwa hiyo hata familia iliyohamia kutoka Afrika Mashariki au Kongo, na ambayo bado haiwezi kuchagua bunge, ina sauti katika swali la maji yanayopita nyuma ya nyumba yake.

Kamba mbili za Gouda

Mwishoni mwa safari, msafiri hufunga mashua yake Gouda, mji wa jibini na wa kanisa la Mtakatifu Yohane lenye vioo vya rangi vya karne ya 16. Akitaka kuendelea kwenda Rotterdam, hupita katika lango la Juliana. Ni kama chumba cha maji chenye milango miwili. Mashua huingia, mlango wa nyuma hufungwa, maji hupandishwa au kushushwa taratibu hadi yalingane na ya mbele, kisha mlango wa mbele hufunguliwa.

Ng'ambo ya lango hilo kuna mto Hollandsche IJssel, ambao maji yake hujaa na kupwa kwa kufuata bahari. Anayelala huko hulegeza kamba zake, asije akaamka asubuhi na kukuta mashua yake imening'inia ukingoni. Anayelala ndani ya mji hukaza kamba bila wasiwasi, maana maji yatakuwa pale pale alipoyaacha jioni. Yapo kwa sababu usiku kucha kuna pampu inayofanya kazi.