Senti 18.4: Kodi Inayoyeyuka Huku Madaraja Yakizeeka

Tarehe 1 Agosti 2007, saa 12 na dakika 5 jioni, watu wakirudi nyumbani kutoka kazini, daraja la barabara kuu ya I-35W mjini Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, lilikatika na kuangukia Mto Mississippi. Magari 111 yalikwenda nalo. Watu 13 walifariki na 145 wakajeruhiwa. Basi la shule lililojaa watoto lilikwama likiegemea ukingo wa daraja, na wote wakatoka hai.

Daraja hilo lilipitisha magari kama 140,000 kwa siku. Jipya lilijengwa kwa mkataba wa dola milioni 234, likafunguliwa tarehe 18 Septemba 2008, siku 97 kabla ya muda wa mkandarasi kwisha. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Idara ya uchukuzi ya jimbo ilikadiria kwamba kila siku bila daraja iliwagharimu watumiaji wa barabara dola 400,000, kwa mafuta na muda wa kuzunguka. Tangu lianguke hadi lifunguliwe jipya ni siku 414. Zidisha: dola milioni 165.6. Fedha hizo hazimo katika bei ya mkataba. Walizitoa madereva mfukoni mwao, kidogo kidogo. Kwa kipimo hicho hicho, siku 97 zilizookolewa zina thamani ya dola milioni 38.8, ndiyo maana jimbo halikuona uchungu kumpa mkandarasi bonasi ya karibu milioni 27.

Daraja liliangushwa na nini? Wengi walidhani kutu. Wachunguzi wa serikali kuu walikuta kosa la tangu kwenye karatasi za mchoro: mabamba ya chuma yanayofunga mihimili pale inapokutana yalikuwa na unene wa nusu inchi, yaani milimita 13 hivi, badala ya inchi nzima. Yalivumilia miaka 40. Katikati, matengenezo mawili makubwa yaliongeza zege juu ya daraja, na uzito ukapanda. Jioni ile njia 4 kati ya 8 zilikuwa zimefungwa kwa ukarabati mwingine, na juu yake kulikuwa na zaidi ya tani 260 za mashine, mchanga na kokoto. Mabamba yakasalimu amri.

Madaraja ya Marekani hukaguliwa kwa kawaida kila miezi 24. Utaratibu huo ulizaliwa baada ya Silver Bridge, kwenye Mto Ohio, kuanguka Desemba 1967 na kuua watu 46. Mkaguzi hutoa alama kuanzia 0 hadi 9. Sehemu kuu ya daraja ikipata 4 au chini yake, daraja huandikwa bovu. I-35W ilikuwa kwenye orodha ya mabovu tangu 1991. Lakini ukaguzi hupima uchakavu. Haurudii hesabu za mhandisi wa miaka ya 1960.

Kwenye mipango, Minnesota haina upungufu. Ina mpango wa miaka 20 unaoonyesha mwelekeo, wa miaka 10 unaotaja miradi, na wa miaka 4 ambao kila mradi unaoingia humo lazima uonyeshe fedha zake. Kwa barabara kuu zinazounganisha majimbo, kama I-35W, serikali kuu hulipa hadi asilimia 90 ya gharama na jimbo hutoa 10. Kwa nyingine nyingi zinazopata fedha za serikali kuu, ni 80 kwa 20. Tatizo liko kwenye chungu ambamo hiyo 90 huchotwa.

Chungu hicho ni mfuko wa barabara kuu ulioanzishwa 1956, na chakula chake kikuu ni kodi ya mafuta. Kwa petroli ni senti 18.4 kwa galoni, chini ya senti 5 kwa lita. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1993. Kwa kuwa kodi huhesabiwa kwa galoni badala ya bei, mafuta yakipanda mfuko haupati hata senti zaidi, na tangu hapo mfumuko wa bei umekula zaidi ya nusu ya nguvu yake.

Kisha magari yenyewe yamebadilika. Chukua dereva anayeendesha maili 12,000 kwa mwaka. Gari lake likienda maili 20 kwa galoni, atalipa dola 110.40 za kodi hiyo. Akinunua linalokwenda maili 50 kwa galoni, atalipa dola 44.16. La umeme halilipi kitu. Barabara wanayokanyaga ni ile ile. Matokeo yake, tangu 2008 Bunge la Marekani limelazimika kuhamisha zaidi ya dola bilioni 270 kutoka hazina kuu ili mfuko usikauke.

Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 27.5 kwa miaka mitano katika mpango wake mkuu wa madaraja. Nchi ina madaraja zaidi ya 620,000, na yaliyoandikwa mabovu ni kama 42,000. Gawanya sawasawa: kila bovu lingepata kama dola 655,000. Sasa linganisha na daraja la Fern Hollow mjini Pittsburgh. Lilikuwa limeandikwa bovu tangu 2011, mifereji yake ya maji imeziba, maji yenye chumvi ya kuyeyushia barafu yakitiririkia miguu ya chuma na kuitoboa. Wakaguzi waliandika hivyo mwaka baada ya mwaka. Liliporomoka Januari 2022, kwa bahati bila kuua mtu, na jipya likagharimu dola milioni 25.3. Methali ya ufa na ukuta sote tunaijua. Hiyo ndiyo bei ya ukuta mmoja.

Minnesota yenyewe ilijifunza kwa machozi. Februari 2008 bunge la jimbo lilipindua kura ya turufu ya gavana na kupandisha kodi ya mafuta ya jimbo, iliyokuwa senti 20 kwa galoni tangu 1988, hadi 28.5 kufikia 2012, na kuanzisha mpango wa kushughulikia madaraja 172 ndani ya miaka kumi. Mwaka 2023 likapiga hatua iliyo muhimu zaidi: likaifunga kodi hiyo na gharama za ujenzi, ipande zinapopanda, bila kuzidi asilimia 3 kwa mwaka. Likaongeza ada ya senti 50 kwa bidhaa za dola 100 au zaidi zinazopelekwa majumbani, maana gari la mizigo nalo huchakaza lami.

Kenya ina ugonjwa ule ule. Tozo ya matengenezo ya barabara nayo hukatwa kwa lita: ilikuwa Sh18 tangu 2016, ikapandishwa hadi Sh25 Julai 2024. Mwaka uliofuata, Sh7 kati ya hizo zikawekwa dhamana ili kupata Sh175 bilioni za kulipa wakandarasi waliokuwa wakidai.

Kwa viwango hivyo, tia lita 40 kwenye tangi. Umelipa Sh1,000 za tozo. Sh280 zinakwenda kwenye deni, zinabaki Sh720 za barabara. Lita 40 mwaka 2016 zilileta Sh720 zile zile. Kilichobadilika ni bei ya lami na umri wa madaraja.