Jina la Mtunzi katika Majalada, Video na Tovuti za Muziki

Igowole ni kituo cha biashara katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, katika nchi ya chai na misitu ya kupandwa. Watu wake wengi ni Wahehe, na pamoja nao wamo Wabena, Wakinga na wengineo walioletwa na kazi za mashambani au na biashara. Muziki usikikao katika maduka ya mahali kama hapo ni wa namna nyingi: kwaya za makanisa, bongo fleva, dansi la zamani, taarabu kidogo, na nyimbo za lugha za wenyeji. Zamani, muziki ulipouzwa kwa kanda, mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza kanda ipi ni ya kwaya na ipi ni ya vijana wa kufokafoka. Hata asiyejua kusoma alizitenganisha kwa kutazama tu. Jalada, ambalo wauzaji huliita kava, lilikuwa na desturi zake kwa kila utanzu, na desturi hizo zilifuatwa kwa uaminifu mkubwa kuliko wenyewe walivyodhani.

Makala haya yanazieleza desturi hizo, kisha yanafuatia jambo moja lililofichika ndani yake, ambalo lawahusu wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kuliko picha na rangi: ni wapi kila utanzu huandika jina la aliyetunga. Jambo hili halikuwa na uzito maadamu wimbo ulisafiri pamoja na jalada lake. Siku hizi wimbo husafiri peke yake.

Yafaa kuanza na sahani za santuri. Bendi za dansi za Tanzania katika miaka ya 1960 na 1970 zilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, na zilizotaka kutoa sahani aghalabu zilikwenda Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na mitambo ya kuzichapa. Bahasha ya sahani ndogo mara nyingi haikuwa na picha ya bendi. Habari zote zilikuwa katika karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani: jina la wimbo, jina la bendi, jina la mtunzi katika mabano, na namna ya mapigo, kama vile rumba au chacha. Tena kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. NUTA Jazz ilikuwa na Msondo, Western Jazz ilikuwa na Saboso, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa na Sululu, na alipounda Super Volcano akaanzisha Masika. Neno "mtindo" hapa halina maana ya staili ya mtu mmoja, wala halilingani na neno "utanzu" la wahakiki. Ni kama chapa ya ng'ombe: ni alama ya mali ya bendi. Baadhi ya majina hayo yaliyashinda majina ya bendi zenyewe. NUTA iligeuka kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu husema Msondo Ngoma tu. Vivyo hivyo DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, hujulikana zaidi kwa jina la Sikinde.

Kanda ilibadili mambo. Jalada lake lilikuwa kipande cha karatasi kilichokunjwa, chenye uso, mgongo mwembamba na upande wa nyuma, na kwa mara ya kwanza muziki wa bei nafuu ulipata picha. Hapo ndipo kila utanzu ulipolazimika kuamua unataka kuonekanaje.

Jalada la kwaya ndilo lenye desturi kali kupita yote. Wanakwaya husimama katika safu mbili au tatu, wamevaa sare, wanawake mbele na wanaume nyuma, na mwalimu pembeni. Nyuma yao huwekwa mandhari ambayo mara nyingi hayakuwapo walipopigwa picha: maporomoko ya maji, mawaridi, milima yenye theluji, au mawingu yaliyopasuliwa na mwanga. Juu huandikwa jina la kwaya pamoja na ukoo wake wote wa kikanisa, na hapo Kiswahili kina utaratibu kamili. Wa Kilutheri huanza na kwaya, wakafuatisha mtaa, usharika, jimbo na dayosisi. Wakatoliki hutaja kigango, parokia na jimbo. Msomaji aangalie kwamba neno "jimbo" halina maana moja kwa pande hizo mbili: kwa Walutheri ni sehemu ya dayosisi, na kwa Wakatoliki ndilo eneo lote la askofu. Chini huandikwa jina la albamu na namba yake, kwa kifupisho cha Kiingereza "Vol.", ambacho wanakwaya hukitamka "voliumu". Upande wa nyuma una orodha ya nyimbo, mahali pa kurekodia, namba za simu, na mara nyingi aya ya Biblia. Jina la mtunzi ama halipo, ama limo katika maneno madogo ya shukrani, na huko hutajwa kwa cheo cha mwalimu wa kwaya.

Si uzembe. Kwaya hutunga kwa niaba ya usharika, na kumtukuza mtu mmoja juu ya jalada kungeonekana kuwa ni kujitukuza mbele ya Mungu. Mwimbaji wa injili aimbaye peke yake hana aibu hiyo: uso wake hujaza jalada, mikono imeinuliwa au imeshika kipaza sauti, na jina lake huwa kubwa kuliko jina la albamu.

Taarabu ya kisasa ya Dar es Salaam na Unguja ina mkono mwingine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, jina lake ndilo lililouza sahani, na tangu hapo wimbo wa taarabu umejulikana kwa mwimbaji wake. Miaka ya 1990, Khadija Kopa alipokuwa TOT na Nasma Khamis Kidogo alipokuwa Muungano, ushindani wao wa mipasho ulionekana hata katika majalada: vazi la kumeremeta, hina, dhahabu, na macho yanayomtazama mnunuzi kana kwamba yeye ndiye anayesemwa. Jina la wimbo wa taarabu hufanana na jina la kanga. Ni fumbo fupi ambalo kila mtu hulielekeza kwa adui yake. Mshairi aliyeandika beti hizo hutajwa mara chache sana, na ni ajabu kwamba utanzu ulio karibu zaidi na ushairi wa Kiswahili ndio unaomsahau mshairi namna hiyo.

Bongo fleva ilichukua alama zake kutoka kwa hip hop ya Marekani: uso mmoja usiocheka, kofia, ukuta wa mjini, na herufi zilizopinda kama maandishi ya rangi kutani. Lakini majina ya albamu za mwanzo yalikuwa ya Kiswahili hasa. Mr. II, ambaye ndiye Joseph Mbilinyi aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, alitoa katika miaka ya 1990 albamu ziitwazo "Ni Mimi" na "Niite Mr. II". Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Machozi, Jasho na Damu". Baadaye Kiingereza kikashika jalada huku Kiswahili kikibaki katika wimbo, na mfano wake ni albamu ya Diamond Platnumz ya mwaka 2018, "A Boy from Tandale". Kwa hiyo lugha ya jalada nayo ni alama ya utanzu. Kwaya ya kijijini haina sababu ya kuita albamu yake kwa Kiingereza. Msanii anayetaka kusikika Lagos na Johannesburg anayo.

Ama kuhusu video, Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata moja hadi mwaka 1994, ijapokuwa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Video za kwaya zilirithi desturi za jalada na kuzitia mwendo. Safu zilezile husimama penye maua au kando ya maji, zikiyumba kulia na kushoto kwa hatua moja. Sare hubadilishwa kila baada ya ubeti, na wimbo mmoja waweza kuwa na sare nne. Katika nyanda za juu, mashamba ya chai yamekuwa mandhari iliyo tayari, wala hapana haja ya kuazima milima ya Ulaya. Video ya taarabu ni ndefu kwa sababu wimbo ni mrefu, na kamera hukaa kwa mwimbaji na kwa watunzaji wanaokwenda kumtuza. Video ya bongo fleva hukata picha upesi, hupenda magari na nyumba za kifahari, na tangu mwaka 2013 hivi baadhi yake zimepigwa Afrika Kusini. Mipaka hii si ukuta wa chuma. Rose Muhando aliingiza wachezaji wenye hatua za nguvu katika video za injili, watu wakanung'unika, kisha wengine wakamwiga. Kilichosalia kuwatenganisha ni urefu wa nguo na mahali mikono inapoelekea.

Televisheni ilileta pia maandishi madogo pembeni mwa picha, mwanzoni na mwishoni mwa wimbo, kwa mfano wa kituo cha MTV cha Marekani kilichoanza mwaka 1981. Humo hutajwa msanii, wimbo na mwongozaji wa video. Mtunzi hayumo. Aliyeshika kamera alipata nafasi ambayo aliyeshika kalamu hakuipata.

Tovuti za wasanii hazihitaji maneno mengi. Zilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kundi la X Plastaz la Arusha lilikuwa miongoni mwa waliotangulia kujulikana nje kwa njia ya intaneti. Mpango wake ulikuwa mmoja: wasifu, picha, orodha ya albamu, habari za maonyesho na anwani ya kualika, karibu zote kwa Kiingereza, kwani msomaji aliyekusudiwa alikuwa mwandaaji wa tamasha la Ulaya. Tovuti hufa ada yake isipolipwa, na nyingi zimekwisha kufa. Kwaya nyingi za vijijini hazikuwa nazo kamwe. Zilitoka kwenye jalada moja kwa moja hadi YouTube, ambako jina la wimbo huandikwa katika mstari mmoja na kufuatiwa na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "video rasmi".

Kabla ya YouTube kuwafikia wote, ulikuja muziki wa memori kadi. Mtu hupeleka simu yake dukani, naye mwenye kompyuta humrushia nyimbo mia kwa malipo madogo. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za kodi za kubandikwa juu ya kazi za muziki na filamu, lakini stempu hutaka mahali pa kubandikwa, na wimbo uliorushwa hauna jalada. Huingia katika simu ukiwa na jina la faili tu, na huenda jina hilo likawa "Track 04".

Hapo ndipo tofauti ya tanzu inapodhihirika. Msanii wa bongo fleva hujitaja ndani ya wimbo wenyewe, na humtaja mtayarishaji na studio, mara nyingi kabla hata ya ubeti wa kwanza. Waimbaji wa dansi nao huita kwa jina mpiga gita anapoanza kucharaza. Nyimbo hizo zikivuliwa jalada hubaki na hati zao. Wako wanaodhani kwamba kujitaja huku ni majivuno yaliyoletwa na Wamarekani. Haifai kusema hivyo bila kukumbuka tenzi: watunzi wengi wa tenzi waliweka mwishoni majina yao, hesabu ya beti, au tarehe. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alitaja hesabu ya beti na mwaka wa Hijra, nao unaweza kunakiliwa na mtu yeyote bila kupoteza habari hizo. Mshairi wa zama za miswada alijua kwamba karatasi ya juu huchanika kwanza.

Wimbo wa kwaya hauna kinga hiyo. Jina lake lote lilikuwa katika jalada, na kwa unyenyekevu wake halikutiwa ndani. Kwaya tatu zinaweza kuuimba wimbo mmoja, na msikilizaji wa leo asijue ulitungwa Mufindi, Rungwe au Mwanza. Hasara hii si ya haki za malipo peke yake, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi. Mtafiti atakayetaka kuchunguza Kiswahili cha nyanda za juu katika nyimbo hizo, kwa mfano athari ya Kihehe au Kibena katika matamshi na msamiati, hatakuwa na namna ya kujua maneno anayoyasikia ni ya nani wala ya mwaka gani.

Majalada ya kanda, ambayo mengi yangali yamelala katika masanduku ya nyumba na ofisi za sharika, yana majibu mengi kuliko yanavyodhaniwa. Miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na J. W. T. Allen kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam iliorodheshwa kwa mtunzi, mnakili na tarehe kila ilipowezekana, na jalada laweza kusomwa kwa njia iyo hiyo. Namba ya simu ya mezani au ya mkononi hudokeza kipindi. Mfuatano wa "Vol." huonyesha albamu ipi ilitangulia. Jina la kanisa nalo lina tarehe ndani yake: parokia za Mufindi zilikuwa chini ya Jimbo la Iringa hadi Desemba 2023, lilipoundwa Jimbo la Mafinga, hivyo jalada lililoandikwa Iringa na lile lililoandikwa Mafinga hutenganishwa na mwezi huo. Na katika maneno madogo ya shukrani, chini ya majina ya wafadhili na mchungaji, mara nyingi limo jina la mwalimu wa kwaya.