Kabla Fundi Hajakata Jiwe

Jiko la kioo cheusi linavutia dukani. Halina koili za kusugua wala vyuma vya kunasia mafuta. Ni uso mmoja laini unaofutwa kwa kitambaa. Muuzaji atalisifia rangi na vitufe vyake, lakini ni nadra aulize jambo la kwanza kabisa: sufuria za mteja ni za nini?

Huku kwetu sufuria nyingi ni za alumini, na hapo ndipo jiko la indaksheni linapowaangusha wengi. Jiko hilo halina moto. Chini ya kioo kuna waya wa shaba uliosokotwa, unaozalisha nguvu ya sumaku inayogeukageuka kwa kasi, na nguvu hiyo huzusha umeme ndani ya kitako cha sufuria mpaka chenyewe kipate joto. Kitako kisichonasa sumaku hakipati kitu: jiko litalia na kuzima. Alumini ya kawaida haifai, chungu cha udongo hakifai. Kikaango kizito cha chuma cha kupikia chapati kinafaa sana. Kipimo hakina gharama: sumaku ya mlango wa friji ikishika kitako sawasawa, sufuria hiyo itapika.

Asiyetaka kuachana na sufuria zake anaweza kununua jiko la infraredi, ambalo kioo chake hupashwa na nyuzi zinazowaka nyekundu. Hilo halibagui sufuria, ila linataka kitako kilicholala bapa. Sufuria iliyobonyea hugusa kioo huku na huku tu, na umeme unapotea bure.

Halafu kuna ugali. Kusonga ni kazi ya mabega, na sufuria juu ya kioo huteleza. Wapishi wengine humalizia kusonga pembeni, juu ya kitambaa kilicholowa, na kwa maoni ya mwandishi hiyo ni busara kuliko kukigandamiza kioo kwa mwiko. Sukari iliyoyeyuka nayo ifutwe mapema kwa uangalifu, kwani ikipoa inaweza kung'oa vipande vya uso wa kioo.

Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya watu ifikapo 2034. Umeme umo katika hesabu hiyo, lakini nyaya za nyumba nyingi hazikutandikwa kwa ajili ya kupikia. Plati moja ya wati 2,000 hula uniti moja kwa nusu saa ikiwa imefunguliwa yote, na soketi nzuri ya kawaida inaibeba. Jiko la plati nne linaweza kuvuta wati 7,000 au zaidi. Hilo linahitaji waya wake mnene na swichi yake kutoka kwenye bodi ya umeme. Fundi umeme aitwe kabla ya kulipia jiko.

Kaunta ya kulikalishia jiko hilo ndipo pesa nyingi huenda. Marumaru ni maridadi, lakini asili yake ni chokaa, na ndimu, siki au ukwaju ukimwagika huacha doa lililofifia ambalo halitoki kwa sabuni. Teraso ina saruji na vipande vya marumaru, hivyo nayo inaumwa na tindikali. Graniti inahimili tindikali za jikoni na joto la sufuria, ila ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo. Vigae ni rahisi, ila mistari ya saruji kati yake hunywa manjano ya bizari.

Kwati ya kiwandani ni unga wa mawe ulioshikwa kwa gundi ya plastiki. Haihitaji dawa, lakini sufuria iliyotoka motoni inaweza kuiunguza. Vumbi lake ni hatari zaidi: Australia iliipiga marufuku kuanzia Julai 2024, baada ya wakataji wake kuugua mapafu. Graniti nayo ina vumbi la aina hiyo, ingawa si kwa kiasi hicho, kwa hiyo ikatwe kwa maji, nje ya nyumba, na fundi avae barakoa inayofaa.

Jiko linunuliwe kwanza, jiwe likatwe baadaye. Vipimo vya tundu la kuliingizia jiko kwenye kaunta hutofautiana kati ya jiko na jiko, na tundu likishakatwa kubwa halirudi. Pembe zake ziviringwe kidogo, maana pembe kali ndipo ufa huanzia, na chini ibaki nafasi ya hewa kwa ajili ya feni ya jiko. Droo ya vijiko ikibanana na feni hiyo, jiko litapata joto na kujizima wali ukiwa nusu.