Kizuri Chajiuza, Lakini Kitajwe Jina



Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wamesema kweli, ila walisemea soko ambalo mnunuzi huona kwa macho yake. Katika mtandao, kizuri kisichotajwa jina hubaki kabatini.

Tumchukulie mama wa Hadado, huko Wajir Magharibi, anayetengeneza nyirinyiri. Nyama ya ngamia huikata vipande vidogo, akaianika, kisha akaikaanga na kuihifadhi ndani ya samli. Mwanawe akamfungulia tovuti yenye picha za kupendeza. Miezi ikapita, simu isilie. Kosa li wapi?

Kwanza, ukurasa wake umeandikwa tu: "Karibuni, tuna bidhaa bora." Injini ya kutafutia haionji wala hainusi, husoma maneno. Mteja aliye Eastleigh huandika "nyirinyiri". Mwengine huandika oodkac au muqmad. Wa tatu, "nyama kavu ya ngamia". Basi majina hayo yote na yatajwe katika kichwa cha ukurasa na maelezo yake, pamoja na Hadado, Wajir, bei, njia ya kuufikisha mzigo na nambari ya simu. Kila picha nayo ipewe maelezo ya maneno.

Pili ni ushahidi. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, walishika kanuni moja: ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingine zenye kuaminika huhesabiwa kuwa na uzito. Waliosoma elimu ya hadithi hawatashangaa, kwani sisi pia huuliza, nani kapokea kwa nani? Basi mama na awaombe wanaomjua kwa haki, kama duka la Garissa linalouza bidhaa yake au chama cha kina mama, wautaje ukurasa wake katika kurasa zao.

Tatu, wateja wengi hutumia simu, na mtandao wa vijijini ni mzito. Picha zipunguzwe uzito ili ukurasa ufunguke upesi. Biashara pia iandikishwe katika ramani ya Google. Huduma hiyo hailipiwi.

Sasa nawausia, kina mama na mabinti, juu ya hatari. Wako wanaouza nyota tano na sifa za wateja wasiokuwapo. Mtume (s.a.w.) alikataza najshi, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili amhadae mwenziwe. Sifa ya kununuliwa ni ndugu wa najshi hiyo. Tena Google yenyewe imeikataza, na huweza kuzifuta sifa hizo.

Wako pia wanaoahidi, "Lipa leo, kesho utakuwa wa kwanza." Google yenyewe imetahadharisha kuwa hapana awezaye kudhamini nafasi ya kwanza. Mama aliyeuza mbuzi wake kwa ahadi hiyo amempoteza mbuzi, na nafasi hakuipata.

Kazi hii huchukua wiki, pengine miezi. Andika kweli, jibu wateja kwa adabu, rekebisha bei inapobadilika. Anayekutafuta akikufikia, akute ulichokitaja ndicho kilichomo chomboni.

Mwenyezi Mungu azibariki chumo za halali. Amin.