Kantangaze: Nondo Mdogo, Amana Kubwa

Katika bustani za nyanya za mkoa wetu wa Singida, ambako maji ya kisima hutumiwa kwa hesabu, ameingia mgeni asiyepiga hodi. Ni nondo wa rangi ya kijivu, urefu wake haufiki sentimita 1. Wataalamu wamemwita Tuta absoluta. Wakulima wakampa jina la kantangaze, kana kwamba anamwambia mwenye shamba: nenda ukanitangaze.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, na wataalamu walimwainisha mwaka 1917 kutoka Peru. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka hadi Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 akabainika nchini mwetu, upande wa kaskazini. Miche na matunda yanayosafirishwa humfikisha mbali kuliko mbawa zake.

Jike mmoja huweza kutaga mayai yapatayo 260. Kiwavi huishi ndani ya jani akila nyama yake, kisha hutoboa tunda. Kwa kuwa yumo ndani, dawa nyingi hazimfikii, na nyingine amekwisha kuzizoea. Asipodhibitiwa, aweza kumaliza shamba zima.

Hapa ndipo lilipo jambo linalotuhusu sisi Waislamu. Mkulima mwenye hofu ya hasara hupiga dawa leo akachuma kesho, ilhali kibandiko cha chupa kimetaja siku za kungoja. Nyanya hizo hufika sokoni zikiwa zinang'aa, na watoto wetu wakazila katika kachumbari. Tunakumbuka jinsi Mtume (S.A.W.) alivyotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, akamkemea muuzaji. Unyevu ule uligunduliwa kwa mkono. Sumu hii mkono hauigundui. Basi amana ya muuzaji ni nzito zaidi.

Njia za halali zipo: kung'oa na kuteketeza masalia mara baada ya mavuno, kubadilisha nyanya kwa mahindi au vitunguu, kutega madume kwa mtego wenye harufu ya jike, na kumwona afisa ugani kabla ya kununua dawa. Lakini jirani mmoja akiacha masalia, nondo huhamia kwa mwingine. Kwa hiyo tunapendekeza wakulima wa kila msikiti, baada ya swala ya Ijumaa, wakubaliane siku moja ya kung'oa. Na anayeuza awe tayari kumwambia mnunuzi ni lini alipiga dawa.